Injini Iliyofungwa Ndani kwa Wanawake

Wewe unayesoma chuoni, na aliyekulea si aliyekuzaa, vuta kiti. Nataka kuzungumza nawe kwanza. Wengine watatusikiliza wakipenda. Najua unatafuta mahali pa kufanya mazoezi ya kazi, na najua swali linalokuchosha kila unapopiga hodi: wewe ni mwana wa nani? Mimi niliulizwa hivyo miaka ya hamsini, mpaka nikawa nalisikia swali kabla mtu hajafungua mdomo. Nitakueleza yaliyonipata Amu, yaani Lamu, polepole, kwa sababu yana matata kidogo na sitaki yakupite.

Nianze na chuo. Nilikuwa nikisomea ufundi wa mashine Mombasa. Kabla ya kuingia mwaka wa mwisho, kila mwanafunzi alitakiwa akafanye kazi kwenye mashine ya kweli, chini ya fundi anayejulikana, na fundi huyo athibitishe kwamba kijana ameishika kazi. Asiyepata mahali hakuendelea. Haikuwa kanuni mbaya. Fundi aliyejifunzia ubaoni tu ni hatari kwa vidole vyake na vya wenzake.

Lakini chuo hakikututafutia mahali. Tulijitafutia, au niseme wenzangu walitafutiwa na baba zao. Baba mmoja alimjua nahodha, mwingine alikuwa na shemeji kwenye karakana, wa tatu alisali safu moja na mwenye kinu cha mafuta. Nafasi zile hazikutangazwa popote. Zilipita barazani, kikombe cha kahawa mkononi, na kijana aliambiwa tu aende Jumatatu. Mimi niliwaona wenzangu wakitoweka darasani mmoja mmoja, kila mtu na mahali pake, nikadhani wana akili kunizidi.

Babangu alikuwa mtu wa Kizingitini, na alifariki kabla sijazaliwa. Mamangu akamfuata nikiwa mtoto mchanga kabisa. Nililelewa Wiyoni, kando kidogo ya mji wa Amu, na mwanamke ambaye hakuwa na udugu nami. Alikuwa jirani ya mamangu tu, naye alikuwa amezika mtoto wake mwezi ule ule. Huyo ndiye niliyemwita Mama na ndiye nitakayemwita Mama hapa. Alikuwa mjane, akipika mikate ya mofa na kuiuza asubuhi. Dini yetu haimpi mlezi ruhusa ya kumbandika mtoto nasaba isiyo yake, kwa hiyo nilibaki na jina la babangu, jina la maiti, ambalo Mombasa hapakuwa na aliyelijua.

Mwenye karakana mmoja huko Mombasa alinisikiliza vizuri mpaka akauliza likitokea jambo amwite nani. Nikamwambia mamangu. Akauliza yuko wapi, nikasema Amu. Akauliza afanya kazi gani, nikasema apika mikate. Akacheka, bila ubaya, akarudi chini ya gari lake. Usimchukie mtu yule. Alikuwa akiuliza swali lenye maana: ukiniharibia kifaa, nani atasimama mbele yangu? Wenzangu walikuwa na mtu wa kusimama. Mimi nilikuwa na mtu wa kuniombea dua tu.

Basi nikarudi Amu kwa likizo ndefu bila mahali, na nikijua kwamba likizo ikiisha hivyo, chuo nacho kimekwisha.

Ijumaa ya kwanza, tulipotoka msikitini, mfanyabiashara mmoja wa mtaa wa Mkomani alinishika mkono. Nilimjua kwa sura, kama kila mtu alivyomjua. Alinunua samaki na kamba mawe kwa wavuvi wa Kizingitini, akawauza mbali, na mwaka ule alikuwa ameleta injini na mashine ya kutengeneza barafu. Sauti ya injini ile ilisikika mitaa mitatu, siku ambazo iliwaka.

"Wasikia, kijana," akaniambia. "Wajua injini?"

"Nasomea, Bwana."

"Na mamako wa Wiyoni, yu hai?"

"Yu hai."

"Alhamdulillahi. Ndoo kwangu kesho, baada ya alasiri."

Akaniachia mkono akaenda zake. Nami nikabaki kwenye ngazi za msikiti nikiwaza. Watu wote niliowahi kuwaomba kazi walianza na babangu. Huyu hakumtaja baba hata kidogo. Aliruka moja kwa moja kwa mama, mwanamke wa nyumba ya makuti ambaye sikuona alikomjulia. Ilipasa nifurahi. Badala yake nywele zilinisimama. Ukiwa umezoea milango kufungwa, mlango unaojifungua wenyewe hukutia hofu kuliko uliofungwa.

Nikayapeleka maneno barazani Wiyoni, kosa ambalo hufai kulifanya. Pale hapakuwa na aliyekosa jibu. Mmoja alisema mashine zile ni za mumiani, wale wanyonya damu tuliotishwa nao utotoni, na kwamba yatima ndiye anayefaa kwa kuwa hana wa kumuulizia. "Nenda," akaniambia, "lakini tukiona barafu nyekundu sokoni tutakusomea hitima." Wakacheka mpaka kofia zikawaanguka. Mwingine akasema sivyo, bwana yule ana binti wa rika langu na anatafuta mkwe. Hapo wakacheka zaidi. Mtu wa nyumba ya mawe amwoze binti yake kijana wa Wiyoni asiye na baba? Labda binti hana pua. Nilicheka nao, lakini usiku ule niliwaza yote mawili, na la mumiani nililiwaza zaidi kuliko ilivyompasa mwanafunzi wa ufundi.

Asubuhi nilimweleza Mama. Alikuwa amechutama akibandika unga kwenye ukuta wa mofa, ile tanuri ya udongo, na kazi hiyo haitaki mkono usite. Nilipoutaja mtaa na mwenye nyumba, mkono ukasita. Mkate ukaanguka kwenye makaa.

"Nyumba ile usiingie," akasema.

Nikauliza kwa nini. Akasema amekwisha kusema. Nikamkumbusha kwamba bila mahali pa mazoezi sitarudi chuoni. Akautoa mkate ulioungua kwa koleo, akaupuliza majivu, akautazama kana kwamba ungeweza kuuzika. 

Hapa ndipo shaka yangu iliponenepa. Mama alikuwa ndiye aliyenisukuma chuoni. Hakuwahi kunikataza kazi yoyote, hata ya kupakua chokaa. Sasa mtu nisiyemjua ananitaka, na mtu ninayemjua kuliko wote ananificha jambo.

Nilikwenda. Nilijiambia kwamba daka si nyumba. Nyumba zetu za mawe, kwa usiyezijua, zina daka mbele, kibaraza chenye viti vya mawe pande mbili, ambapo mwanamume mgeni hukaa akanywa kahawa yake akaondoka bila kuona hata kivuli cha mtu wa ndani. Hapo ndipo nilipoketi. Mwenye nyumba akanipa kahawa na haluwa, akaniuliza habari za Mombasa, bei za samaki, joto. Kila alichosema kilikuwa cha kawaida, na kila cha kawaida kikanitia wasiwasi. Nyuma ya pazia la mlangoni nilisikia bangili zikigongana. Kulikuwa na watu pale, na walikuwa wakinitazama.

Kisha sauti ya mwanamke ikatoka nyuma ya pazia.

"Kijana. Bado walala umelishika sikio?"

 Tangu utoto sikupata usingizi mpaka nilishike sikio langu la kushoto, na chuoni nilijifunika shuka gubigubi ili wenzangu wasinione. Hakuna aliyejua ila Mama. Sikujibu. Kutojibu kwangu kukawa jibu.

"Ndiye," sauti ikasema, na bangili zikaenda mbali.

Mwenye nyumba alikuwa akiangalia sakafu. Nikaweka kikombe chini. "Bwana," nikamwambia, "mwanitakia nini?"

Akashusha pumzi, akanieleza, na ninakueleza wewe kama alivyonieleza mimi.

Barafu hutaka maji matamu, na Amu si kila kisima kina maji matamu. Chake kilikuwa nacho, tena mengi, lakini kisima chenyewe kilikuwa uani, ndani kabisa, kule wanakopika na kufua na kukaa wanawake wa nyumba. Bwana yule aliwaza maji. Akafunga injini na mashine kando ya kisima, akafurahi. Alichosahau ni kwamba nyumba zetu zimejengwa makusudi ili mwanamume wa nje asifike kule. Sidhani kama kosa lile lingefanyika katika mji mwingine. Injini ilipokwama mara ya kwanza, aliitwa fundi mzee kutoka Mombasa ambaye alikuwa akishughulikia mashine za pwani ile. Ili fundi aingie, wanawake wote walipelekwa kwa jirani tangu asubuhi, na bibi mkubwa wa nyumba, mamake bwana yule, alikuwa na magoti mabovu. Ilipokwama mara ya pili, walipelekwa tena. Mara ya tatu bibi mkubwa alikaa kwenye kiti chake uani akasema hatoki, na kama injini yataka kufa na ife. Samaki wa Kizingitini wakaozea gatini huku wavuvi wakipiga kelele.

"Nahitaji fundi ambaye aweza kuingia ndani," bwana yule akasema. "Na mke wangu asema yuko mmoja."

Kwa mujibu wa mke wake, yule mwenye bangili, alininyonyesha nilipokuwa mchanga. Labda kwenu mambo haya hayajulikani, kwa hiyo nisimame hapa kidogo. Kwa dini yetu, mwanamke akimnyonyesha mtoto wa watu katika utoto wake, mara tano au zaidi, kunyonya kwa kushiba, basi amekuwa mama yake. Watoto wa mwanamke huyo ni ndugu za mtoto. Kijana huyo ni maharimu katika nyumba ile: hawezi kumuoa binti wa mle, na kwa sababu hiyo hiyo hawajifichi naye. Anaingia mpaka uani kama mtoto wa nyumba. Kwa hiyo wale wa barazani kwetu walikuwa wamelipindua jambo miguu juu. Kama maneno yale yalikuwa kweli, mimi nilikuwa kijana mmoja tu Amu nzima ambaye asingeweza kamwe kuozwa binti yule, na ndiyo sababu nilitakiwa.

Kama yalikuwa kweli. Niliketi pale nikimtazama bwana yule, na moyo wangu haukukubali. Mtu ana mashine imekwama, samaki wanamwozea, mara mkewe akumbuka kwamba alimnyonyesha mwanafunzi wa ufundi. Tena kwa miaka ishirini hakukumbuka! Nilidhani wamenitungia mama ili wapate fundi wa bure. Na lile la sikio? Mji wetu mdogo, nikajiambia, maneno husafiri.

Nadhani aliiona shaka usoni mwangu, maana alisema haraka kwamba hata mwalimu wa dini aliyekwenda kumuuliza hakuridhika. Mwalimu alisema bibi wa nyumba ana haja yake katika jambo hili, kwa hiyo neno lake peke yake halitoshi. Anataka ushahidi wa mwanamke aliyenibeba siku zile. Akaongeza kwamba penye shaka, mtu hawi maharimu. Shaka itakuzuia kuoa, lakini haitakufungulia mlango.

"Basi ni juu ya mamako," bwana akasema. "Akisema ndiyo, utafanya kazi hapa chini ya fundi wa Mombasa, na chuo chako kitaridhika."

"Na akisema hapana?"

"Akisema hapana, barafu yangu na chuo chako vitayeyuka pamoja."

Nilirudi Wiyoni nikiwa na mashaka mawili badala ya moja. Ikiwa mwenye bangili amesema uongo, wanataka kunitumia. Ikiwa amesema kweli, basi Mama, aliyeniambia tangu utotoni kwamba alininyonyesha peke yake, ndiye aliyenificha. Siku zile nilianza kumtazama jicho la pembeni, jambo ambalo sikuwahi kulifanya maishani mwangu. Nikiuliza juu ya nyumba ile, alikumbuka kuni. Nikiuliza tena, aliona mbuzi wa jirani ameingia kwenye unga. Mara moja alisema tu kwamba mwanamke yule ana maneno mengi na ataulizwa kwa Mungu. Nilijaribu kuusoma uso wake, na nilichoona ni kwamba naye ananisoma wangu.

Mwishowe sikuuliza juu ya nyumba. Nilimuuliza, "Mama, amejuaje sikio?"

Akaweka bakuli chini. Akakaa juu ya kibao cha mbuzi, kile cha kukunia nazi, kama mtu aliyetembea mbali.

Aliniambia kwamba mtoto wake alipokufa, maziwa yalikuja siku chache, ndizo alizoninyonyesha, kisha yakaanza kukatika. Nililia mchana kutwa. Wakati ule alikuwa akifua nguo katika nyumba ile ya Mkomani, na bibi wa mle, kijana bado, alikuwa amezaa binti. Mama akanipeleka kwake. Yule bibi alitunyonyesha wote wawili, mimi huku na binti huku, nami nikawa nikishiba nalishika sikio langu na kulala. Ikawa hivyo kila siku kwa majuma. Kisha siku moja bibi akamwambia Mama aniache nilale kule ili yeye apumzike. Akaniacha. Akarudi Wiyoni na mikono mitupu, akashindwa kulala. Kabla ya jua kuchomoza alikuwa mlangoni kwao akinidai, na tangu siku ile hakukanyaga tena. Alinimalizia kwa maziwa ya mbuzi.

"Nilijua hiyo ndiyo ndia ya kunyang'anywa," akasema. "Kwanza alale yeo. Kisha alale na kesho. Kisha mwambieni yule mfuaji asisumbuke."

Nikamwambia kwamba sasa mimi ni mtu mzima, hakuna wa kuninyang'anya. Akanitazama kwa huruma, kana kwamba mimi ndiye nisiyeelewa.

"Nikisema ndiyo," akasema, "utakuwa na mama wa nyumba ya mawe na mama wa nyumba ya makuti. Mvua ikinyesha utakwenda kwa nani?"

 Na nataka ujue kwamba sikumsihi, si kwa sababu nilikuwa mwema, bali kwa sababu niliiona hofu yake ilivyo. Mimi nilikuwa na hatari ya kukosa chuo. Yeye alikuwa na hatari ya kunikosa mimi, na mimi ndiye niliyekuwa kila alichokuwa nacho. Nikamwambia basi, nitakwenda Manda kukata mawe ya kujengea, kazi huko haikosekani na haiulizi mtu ni mwana wa nani. Nilisema kweli, sikusema kumtega. Lakini alikasirika kuliko nilivyowahi kumwona.

"Kukata mawe," akasema. "Nimeungua mikono kwenye mofa miaka yote hii ili ukate mawe."

Siku ya pili alivaa buibui lake lililokuwa jipya kidogo, akaniambia nimfuate.

Mambo yalifanyika hivi. Wanawake walikuwa ndani. Mwalimu wa dini aliketi ukumbini, pazia katikati yake na wao. Mimi na mwenye nyumba tulikaa daka, na kwa kuwa mlango uliachwa wazi tulisikia kila neno. Mwalimu akamuuliza Mama kama kijana alinyonya katika nyumba hii.

"Alinyonya," sauti yake ikaja, kavu. "Wala si mara tano. Alinyonya mpaka akashiba, siku baada ya siku, na mimi nilikuwa nimekaa pale pale nikimtazama." Kisha nikasikia akigeuka. "Lakini wewe ulitaka kumchukua."

 Mwenye nyumba akafumba macho.

"Nilitaka," sauti ya mwenye bangili ikasema. "Nani asingetaka? Nilikuwa sina mwana wa kiume, na huyu alikuwa na mashavu kama andazi. Nilidhani umechoka, utamwacha. Uliponijia alfajiri ukanikazia mato yako yale, nilikuogopa. Nakuogopa mpaka yeo."

Mwalimu akakohoa, akasema kwamba hilo silo lililoulizwa, na kwamba la kunyonya limethibiti. Hapo shaka yangu juu ya bibi yule ilivunjika, maana aliyetunga kisa asingekubali kosa ambalo hakuna aliyeweza kulithibitisha.

Lakini shaka yangu juu ya bwana ilibaki, na haikukosea. Aliposikia limethibiti, alifurahi mno, akasema kwa sauti kwamba sasa mimi ni mtoto wa nyumba; nitashika injini asubuhi, nitapeleka barafu gatini mchana, nitasaidia hiki na kile. Nikamuuliza juu ya fundi wa Mombasa na ule uthibitisho wa chuo. Akasema, kwa upole, kwamba mambo ya kuandikiana ni ya watu wa nje. Mtoto afanya kazi kwa baba yake, aandikiwe nini?

Unaona hapo? Ni jambo la kupendeza kuambiwa wewe ni wa nyumbani. Nilikuwa nimelingoja neno lile maisha yangu yote, na kidogo nilimeze zima zima. Aliyelitema ni Mama, kutoka ndani.

"Bwana," akaita. "Kama ni mtoto wa nyumba, kanzu zake za Idi za miaka yote hii ziko wapi?"

 Kisha mwenye bangili akaanza kucheka, na wanawake wengine wakamfuata, mpaka mwalimu mwenyewe akashika kofia yake. Mama hakucheka. Akataja masharti yake hapo hapo, mwalimu akisikia. Fundi wa Mombasa awe mwalimu wangu na athibitishe kazi yangu kwa chuo. Kazi yangu iwe injini, si kubeba barafu. Na nilale Wiyoni. Bwana akakubali yote, la mwisho kwa haraka kuliko mengine.

Hivyo ndivyo nilivyofanya mazoezi yangu ya kazi, na sijasikia mazoezi mengine kama yale. Fundi mzee hakuweza kuingia, kwa hiyo aliketi daka na kahawa yake, nami nikawa uani na spana, tukifundishana kwa kupiga kelele kupitia ukumbi. Alinitaka nimweleze kwa maneno kila ninachokiona: rangi ya moshi, unyevu wa bomba, ukanda ulivyokaa. Nikisema "imeharibika" alinikemea. Alitaka niseme wapi, namna gani, tangu lini. Binti wa nyumba, dada yangu wa kunyonya, alichoka na makelele yale akawa ananiita ndugu wa barafu, na akanitania kwamba nilimnyima maziwa utotoni ndiyo maana yeye mfupi. Bibi mkubwa mwenye magoti alikaa kwenye kiti chake karibu na kisima akinihukumu. Injini ilikwama mara nyingi, na kila ilipokwama hakuna aliyehamishwa.

Mama hakuiamini nyumba ile hata siku moja. Kila baada ya siku chache alipita na kikapu cha mikate, ati anauza, akasimama kichochoroni na kumwita fundi pale daka. "Yeo amejifunza nini?" Fundi alilazimika kujibu. Na zile siku mbili tatu ambazo bwana alinituma gatini na barafu mchana kutwa, fundi alikosa la kusema, akaona haya, na kesho yake sikutumwa. Nilikuwa nikiona aibu ya kuulizwa hivyo mbele ya watu. Sasa najua kwamba ndivyo baba za wenzangu walivyofanya, ila wao walifanya kwa sauti ya chini.

Fundi alinithibitisha. Siku ya kuagana kabla ya kurudi chuoni, bibi wa nyumba alinifungia haluwa, akaniomba kitu kimoja tu: nimwite mama, angalau mara moja, asikie. Nilimtazama Mama aliyekuwa amesimama karibu na mlango na kikapu chake. Alikuwa akiangalia injini.

"Mwite," akasema. "Ulishiba kwake."

Nikamwita. Bibi akalia, Mama hakulia. Tulipofika Wiyoni alinipakulia chakula bila kusema neno, akaketi kunitazama nikila, na nilipomaliza akanipakulia tena, na tena, mpaka nikamwambia nimeshiba. Ndipo alipoondoa sahani.

Watu wengi waliolelewa kama mimi huniambia kwamba hawana mtu, na kwamba wakipata anayewapa nafasi humtilia shaka. Siwaambii waache shaka. Yangu ilinisaidia, ya Mama ilinisaidia zaidi. Nawaambia tu kwamba mtoto mchanga hakui kwa mkono mmoja. Kuna waliokubeba, waliokuogesha, waliokulaza, nao wako mahali, na baadhi yao wana mlango.

Kwa hiyo leo nenda kwa aliyekulea, kaa naye chini, umuulize ni nani wengine waliokushika kabla hujajua kusema. Kesho nenda ukawaamkie. Na yeyote kati yao akikupa nafasi ya kazi, mchukue mlezi wako mwende pamoja, na mbele yake uulize utafundishwa nini na nani atathibitisha kwamba umejifunza.